Joto Lililolegeza Meno ya Mama

Jino la mwisho la mama lilitoka mwezi wa Julai, upepo wa kiangazi ukivuma Mlali na vumbi likiingia mpaka kwenye chungu. Hakwenda hospitali. Alilitikisa mwenyewe kwa kidole na ulimi mpaka likang'oka, akalifunga kwenye pindo la kanga, akaendelea kupepeta uwele. Nilipofika likizo nilikuta uso mwingine. Midomo ilikuwa imezama ndani, kidevu kimesogea karibu na pua, na kila alipotaka kucheka aliziba mdomo kwa kiganja. Nilipoanza kumwonea huruma aliniambia niache, mlenda unamezwa tu, haujawahi kumuuliza mtu ana meno mangapi.

Nikacheka naye, nikadhani jambo limekwisha. Wakati huo sikuwa nimemfikiria baba.

Baba alichimba visima vya serikali tangu ujana wake. Alizunguka na mtambo uwanda wote wa kati, Kongwa hadi Manyoni na kurudi, na kila kijiji alichokipatia maji kilimchukulia sehemu ya masikio yake. Siku zile hakuna aliyewapa watu wa mitambo kitu cha kuziba masikio, wala kitambaa cha kuzuia vumbi la mawe. Alipostaafu alikuwa anasikia radi tu, na pengine lori likiwa limeshafika mlangoni. Wamisionari walimpa kifaa cha kuweka sikioni. Akasema kinamletea kelele zilezile za mtambo, akakirudisha.

Lakini nyumbani kwetu baba hakuwa kiziwi, kwa sababu alikuwa anamsoma mama mdomoni. Hakuna aliyewafundisha. Mama akitaka kumwambia jambo alimgeukia uso mzima, na jioni alisogeza koroboi upande wake mwenyewe ili mwanga umwangukie yeye. Hakupaza sauti. Mara nyingi hakutoa sauti kabisa, maana haikuwa na kazi. Sisi watoto tulizoea kuwaona wamekaa pande mbili za ua, midomo ya mama ikicheza kimyakimya, na baba akijibu kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. Kanisani mama alikaa ubavu, akimrudishia baba mahubiri kwa Kigogo, na mchungaji alishazoea kuona mtu mmoja akimtazama mkewe badala ya mimbari.

Midomo ile ilikuwa imeegemea meno. Meno yalipokwisha, maneno mengine hayakuonekana tena. Fa na va zinataka meno ya juu yaguse mdomo wa chini. Sa nayo ikayeyuka. Katika likizo ile nilimwona mama akimwambia baba kwamba ng'ombe wa jirani amezaa, baba akainuka kwenda kuchukua jembe. Mara ya kwanza walicheka wote. Baada ya siku chache baba aliacha kucheka, na baadaye aliacha kuuliza. Akawa anakaa ametazama barabara, mgongo ameelekeza uani.

"Mama yako siku hizi ananung'unika tu," aliniambia, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. "Hataki tena kuzungumza nami."

Mama alikuwa jikoni. Hakutoka.

Nilirudi Dodoma nikiwa nimeamua kumtafutia meno.

Wakati huo nilikuwa fundi sanifu katika maabara moja ya serikali iliyopima mawe na udongo. Nilipelekwa kozi mara moja nje ya nchi, kujifunza mashine iliyokuwa imeletwa kama msaada, kalorimita ya kupima joto ambalo kitu kinalichukua au kulitoa kinapopashwa moto. Ilikusudiwa kwa udongo wa mfinyanzi, kujua upi unafaa kwa matofali na vigae. Lakini hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachwa huria. Maduka ya mjini yalijaa vigae kutoka nje, ndoo za kila rangi na viatu vya plastiki, na hakuna aliyeleta tena udongo wa kupimwa. Maofisini kulikuwa na neno moja tu, kupunguzwa kazi. Tulikuja kazini asubuhi, tukafungua madirisha, tukafuta vumbi. Mashine yangu niliishonea kifuniko cha kitambaa kama watu wanavyoshonea redio.

Ruksa hiyohiyo ndiyo iliyomleta fundi meno. Alikuwa ametumikia hospitali za serikali, alifundishwa Dar es Salaam, na sheria iliporuhusu tena watu binafsi kutibu alikodi chumba nyuma ya soko akatundika ubao. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye vidole vilivyokauka kwa plasta nyeupe ya jasi. Wateja wake walikuwa wastaafu, walimu, na wakati wa Bunge hata baadhi ya waliokuja nalo. Nilimpa shikamoo, nikamweleza habari za mama. Sikumweleza habari za baba. Niliona ni siri yao.

Mama aliletwa na lori la mahindi mpaka Kibaigwa, kisha basi. Fundi alimjaza plasta mdomoni kuchukua umbo la ufizi, mama akavumilia huku machozi yakimtoka. Siku aliyorudi kuvalishwa, fundi alimpa kioo. Mama alijitazama kidogo tu, akakirudisha, akauliza basi la Kibaigwa linaondoka saa ngapi.

Nilimsindikiza mpaka Mlali, na nashukuru nilifanya hivyo. Baba alikuwa amekaa palepale pake. Mama alikwenda akasimama mbele yake, akazuia barabara aliyokuwa anaitazama, akasema kitu. Sikukisikia. Baba alimkodolea macho muda, akaomba arudie. Akarudia. Baba akajibu kwamba jembe lile limo ghalani nyuma ya magunia, alikuwa amelificha yeye mwenyewe wasije kuliazima. Mama akavuta kigoda akakaa. Chakula kilipoa siku ile na hakuna aliyethubutu kuwaita.

Furaha hiyo haikufika mvua za kwanza. Kwanza mama alilalamika kwamba mdomo unawaka kama ametafuna pilipili, ufizi ukatoka vidonda. Kisha meno yenyewe yakaanza kucheza. Yalikuwa yakishika vizuri juu, sasa yanaanguka akifungua mdomo, na alipojaribu kuyabana kwa ulimi maneno yalizidi kuharibika. Akayavua. Alipokuja nayo Dodoma, yamefungwa katika leso, niliyaweka juu ya lile umbo la plasta ambalo fundi alikuwa bado amelitunza. Hayakulingana. Upande mmoja ulikuwa umenyanyuka kama ubao uliolowa mvua ukakaushwa na jua.

Fundi aliuliza anayaosha kwa kitu gani. Mama akasema kwa maji yaliyotoka kuchemka, anayamimina moja kwa moja kutoka kwenye birika, kama alivyounguza vibuyu vya maziwa na vikombe vya watoto maisha yake yote. Kitu kinachoingia mdomoni kinasafishwa kwa moto. Fundi akatikisa kichwa, akasema hapo ndipo kosa lilipo, maji ya moto yanapindisha. Mama hakubisha. Alitazama chini kama mtoto aliyevunja chungu.

Nilipomtoa mama nje, fundi alinifuata, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba jambo lenyewe linamsumbua. Meno aliyokuwa akiyatengeneza hospitalini zamani watu waliyaunguza vilevile, na hayakupinda namna hii. Haya ya sasa yamerudi mengi. Alikuwa akidhani ni unga wa plastiki unaoletwa na wafanyabiashara siku hizi, kwamba haufanani na ule wa zamani.

Neno hilo lilinikaa moyoni. Kule kozini, mwalimu wetu alituonyesha siku moja kipande cha plastiki badala ya udongo, ili tuone kitu ambacho udongo hauna. Alisema plastiki za namna hii, ambazo wataalamu huziita polima, ni minyororo mirefu iliyosongamana. Zikiwa baridi minyororo imekakamaa na kitu ni kigumu kama kioo. Ukipandisha joto hufika mahali minyororo inapata nafasi ya kusogea. Kitu hakiyeyuki, bado unakishika mkononi, ila kinalegea, na ukikikunja kinakunjika, na kikipoa kinabaki na umbo ulilokipa. Mahali hapo panaitwa joto la mgeuko wa kioo, na kila polima ina lake. Meno ya mama yalikuwa yamelivuka joto lake ndani ya bakuli la maji. Swali lilikuwa kama joto hilo lipo pale linapotakiwa kuwa.

Nikamwomba fundi vipande. Kwa tupa alikwangua ukingo wa meno ya mama, mahali pasipogusa ufizi, akanipa chenga kwenye karatasi. Akanipa na kipande cha meno yaliyovunjika ya mzee mmoja, yaliyotengenezwa hospitali kubwa miaka ya nyuma. Mkuu wetu wa maabara, mjiolojia aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, alinisikiliza hadithi yote bila kunikatiza. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja. Akasema kama mashine bado inaweza kumfaa mtu kabla hawajaja kuichukua, niiwashe.

Ilikuwa kipindi cha mgao, umeme tulikuwa tunaupata asubuhi. Niliondoa kifuniko nikasafisha tanuri yake ndogo kwa brashi. Kwanza nilijaribu kwa chembe ya indi, metali laini ambayo joto lake la kuyeyuka linajulikana duniani kote, kuona kama mashine bado inasema kweli baada ya kukaa bure muda wote ule. Kalamu ya mashine ilichora bonde lake kwenye karatasi palepale panapotakiwa. Niliandika tarehe pembeni ya karatasi.

Sampuli huwekwa kwenye kibakuli cha alumini kisichozidi kifungo cha shati, kikafunikwa na kubanwa. Pembeni yake kinakaa kibakuli kingine kama hicho, kitupu. Mashine inavipasha vyote viwili sawasawa, polepole, na kazi yake yote ni kuangalia tofauti, yaani kile chenye kitu ndani kinadai joto kiasi gani zaidi ya kile kitupu. Vibakuli vilikuwa vimebaki vichache kwenye kopo na nilijua havitaletwa vingine. Nilianza na kipande cha hospitali. Mstari ulikwenda umenyooka, ukanyooka, ukapita joto la maji ya kuchemka, na zaidi kidogo ya digrii mia moja ukashuka kama mtu anayeshuka ngazi moja, kisha ukaendelea kunyooka chini yake. Ngazi hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Si bonde kama la indi, maana hakuna kinachoyeyuka. Ni kitu kuanza kudai joto zaidi kwa sababu ndani yake kimeanza kusogea.

Kisha nikaweka cha mama.

Ngazi ilikuja mapema sana, sabini na kitu. Nilidhani nimekosea, nikasubiri. Joto lilipopanda zaidi mstari ulifanya jambo jingine, ukainuka kidogo upande wa pili, maana yake plastiki ilikuwa sasa inatoa joto lake yenyewe. Nilielewa taratibu, nimesimama pale na harufu kali ikinifikia, harufu ileile ya chumba cha fundi. Ile plastiki haikuwa imeiva. Maji yake, yale makali ya dawa ambayo fundi anachanganya na unga, yalikuwa bado yamo ndani, hayajageuka kuwa mnyororo, yakiilegeza. Sasa ndani ya mashine yangu yalikuwa yanamalizia kuiva. Nilipooza tanuri nikakipasha kipande kilekile mara ya pili, na ngazi ikasogea juu, karibu na ya hospitali.

Kwa hiyo unga ulikuwa mzuri. Na yale maji mabichi ndiyo yaliyokuwa yakimchoma mama mdomoni.

Nilikaa na karatasi zile siku mbili kabla ya kwenda kwa fundi. Alikuwa mtu wa umri wa baba yangu, na aliyenipokea kwa heshima. Nilimkuta peke yake. Nilizitandaza juu ya meza yake katikati ya vumbi la plasta, nikamwonyesha ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, nikasema kwa kadiri nilivyoweza kwamba hili ni joto ambalo kwalo kila kipande kinalegea, na hiki cha mama kinalegea mapema kwa sababu hakijaiva, na kikiivishwa kinakuwa sawa na kile.

Alifuata mistari kwa kidole. Kisha akanieleza mwenyewe, bila kuulizwa. Hospitalini walikuwa na jiko la umeme na walichemsha asubuhi mpaka mchana. Hapa ana jiko la mafuta ya taa, na mafuta ya taa ni adha, kwa hiyo alikuwa anaacha vikasha vya shaba vyenye meno ndani vichemke mpaka anapoona plastiki imekuwa ngumu. Na ikishakuwa ngumu, nani angejua? Nikamweleza jambo ambalo sisi wa maabara tunalijua kwa kuwa tuna vipimajoto: huku juu kwetu maji hayangoji kufika digrii mia ndipo yachemke, yanachemka kabla. Yeye alijifunza Dar es Salaam, usawa wa bahari. Kitabu chake kilisema ichemke, naye alichemsha.

Alipangusa vumbi la plasta kwenye kona ya karatasi. Nje watu walikuwa wanabishana bei ya vitunguu.

"Mwanangu," alisema, "na hao wengine wote nimewaambia ni kosa lao."

Alikunja karatasi vizuri, akazirudisha kwangu, akauliza tuanze lini.

Tuliazima sufuria ya presha ya mkewe, ambayo mvuke wake hupanda juu ya joto la maji yanayochemka kawaida. Nilileta kipimajoto cha maabara. Alipika kipande cha majaribio kwa maji ya moto wa wastani kwanza, kutwa, kisha akakimalizia kwenye presha, na mimi nikakipima. Jaribio la kwanza lilitoka na mapovu ndani kama mkate, kwa sababu moto ulipanda haraka mno. Akapunguza. La pili lilitoka safi, na ngazi yake ikaja juu ya mia. Fundi alikuja mwenyewe maabara siku ile kuiona kalamu ikichora. Alikuwa amevaa koti. Alisimama nyuma yangu, mikono nyuma, mpaka mstari ulipokwisha kushuka, akasema ahsante, akaondoka kwenda kazini.

Mambo hayo yote yalichukua majuma mengi kuliko ninavyoyasimulia, na huko Mlali wakati haukutungoja. Kifua cha baba kilikuwa kikikoroma tangu zamani. Mvua zilipoanza kikambana. Daktari wa wilaya aliweka mkono mgongoni mwake, akauliza alifanya kazi gani, na alipoambiwa visima akasema ni vumbi la mawe, limekaa humo miaka mingi. Hakusema tufanye nini. Nilipofika na meno mapya baba alikuwa halali tena chali, wanamwegemeza kwa mito na gunia la pumba, na yeye na mama walikuwa hawajazungumza kwa miezi. Walielewana kwa ishara tu. Ishara zinatosha kuomba maji. Hazitoshi kwa kitu kingine.

Mama aliyaosha meno kwa maji ya baridi, akayavaa akiwa amenipa mgongo. Akaingia chumbani, akafungua dirisha lote mwanga uingie, akakaa kitandani karibu na magoti ya baba. Mimi nilibaki nje barazani na dada wa baba, tunachambua maharage.

Tulisikia upande mmoja tu. Baba, hata kwa kifua kile, hakujua kusema kwa sauti ndogo, na mama hakuwa na haja ya sauti. Kwa hiyo maneno ya baba yalitufikia moja moja, yakikatwa na kukohoa, na katikati yake kulikuwa na ukimya ambao tulijua si ukimya.

"Hapana. Yule ng'ombe mweusi tulimuuza mwaka wa njaa."

Kisha kimya.

"Nakumbuka. Ulikuwa umevaa viatu vya dada yako."

Kimya kirefu zaidi. Shangazi aliacha mikono juu ya ungo.

"Usiseme hivyo," baba alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa siko nyumbani."

Sijui mama alimwambia nini, na sikumuuliza kamwe. Shangazi aliinuka akaondoka, nami nikabeba ungo nikamfuata nyuma ya nyumba, kwa sababu hata huo upande mmoja haukuwa wetu.

Walizungumza hivyo karibu kila siku, asubuhi kukiwa na mwanga, muda ambao pumzi ya baba iliruhusu. Mwishoni hakuweza kujibu, akawa anamtazama tu, na mama aliendelea. Baba alifariki mvua zikiwa katikati, mahindi yana kimo cha goti. Mama alikuwa mbele yake. Alituambia kwamba macho yalikuwa bado yanasoma.

Baada ya mazishi nilimkuta fundi meno amefunga chumba chake mchana wa siku ya kazi, jambo asilolifanya. Nilifikiri anaumwa. Alikuwa ametoka na baiskeli kuwatafuta wateja wake wa zamani. Aliendelea na safari hizo mwaka mzima, Ihumwa, Hombolo, Mpwapwa, popote alipokumbuka mtu ametoka. Baadhi walifurahi, wakampa meno yao ayapike upya, na yaliyokuwa yameshapinda akawatengenezea mengine, bila kuwadai kitu. Wengine walimjibu kwamba wameshazoea kula bila meno na hawataki tena kujazwa plasta. Mama mmoja alimfukuza. Wengine walikuwa wameshakufa, na kwao, aliniambia, alikaa na wafiwa kidogo, hakusema alichokuja kufanya.

Mwaka uliofuata majina yetu yalisomwa katika orodha ya wanaopunguzwa. Mkuu wa maabara alikuwa ameshastaafu, na aliyesoma hakututazama. Mimi sikushangaa, na sikulia mpaka nilipofika nyumbani. Kuhusu mashine, niliambiwa itapelekwa mahali itakapotumika, na mahali hapo hakuna aliyepajua. Vibakuli vya alumini vilikuwa vimebaki viwili. Niliviacha ndani ya kopo lao.

Fundi ndiye aliyeniita. Alisema kazi ya kuchonga na kupanga meno ataifanya yeye, lakini kazi ya moto anataka niishike mimi, kwa kuwa yeye hajiamini nayo tena. Kwa hiyo nikawa mpishi wa meno nyuma ya soko, na kwa kazi hiyo nilijenga vyumba vyangu viwili Nzuguni wakati viwanja vilikuwa bado mapori ya miiba. Bila mashine sikuweza tena kuiona ile ngazi. Nilichoweza ni kuwa mwaminifu kwa muda na kwa moto, na kukata kipande cha kila pishi, kukiweka kwenye maji yaliyochemka na kujaribu kukikunja kwa koleo. Kisipokunjika, mteja anapata meno yake.

Mama nilimchukua akae nami. Kwanza alikataa kuliacha kaburi, kisha mashamba yakamshinda, akaja na kuku wake na mchi wake. Aliyavaa meno akienda kanisani na akiwa na wageni, na usiku aliyaweka kwenye kikombe cha maji. Hakuniambia kama anayapenda. Alikula karanga za kukaanga tena, hilo nililiona.

Siku moja, tukitoka kumwona daktari wa macho mjini, aliniuliza ile nyumba ya mashine iliyopima meno yake iko wapi. Nikamwambia mashine haipo tena. Akasema anajua, anataka kuona nyumba tu. Tulikwenda polepole, alikuwa ameanza kutembea kwa mkongojo. Chumba changu kilikuwa kimegeuzwa ghala, dirisha limewekewa nondo, na ndani kulikuwa na mifuko ya saruji na milango mipya iliyoegemezwa ukutani. Mama alikaribia kioo, akakinga mkono juu ya macho, akatazama ndani muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilimwonyesha kona ilipokuwa meza, na tundu la ukutani lililokuwa la waya wa umeme.

Mlinzi, kijana ambaye hakuwa ananifahamu, alikuja kutuuliza tunamtafuta nani. Mama aliitikia shikamoo yake.

"Hatumtafuti mtu," akamwambia. "Tulipita kuangalia."

Mlinzi akasema sawa, mama, ila jua ni kali hapo mliposimama. Akatuletea kiti. Mama akakaa apumzike kidogo, kisha tukaondoka kwenda kutafuta usafiri wa Nzuguni.